Kamba Iliyong'ara

Kila Jumatano kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani kugombania mpira, na Tone alikimbilia stoo ya mjomba wake kupambana na matope.

Stoo ilikuwa chumba kimoja kilichoegemea karakana ya baiskeli. Ukutani zilitundikwa kofia ngumu kwa kufuata ukubwa, kuanzia ya mtu mzima mwenye kichwa kikubwa hadi ya mtoto. Upande wa pili ilining'inia mikanda ya kufunga kiunoni na mapajani, na chini yake kulikuwa na safu ya viatu ambavyo havikuwahi kukauka sawasawa. Mgeni akiingia mara ya kwanza huziba pua. Mjomba husema harufu hiyo ndiyo manukato ya kazi yake, na asiyeyapenda akaombe kazi benki.

Kazi yenyewe ilikuwa kushusha watu korongoni. Nyuma ya mji, kijito kidogo kilikuwa kimeukata mlima miaka na miaka, mpaka kikajichimbia njia nyembamba yenye kuta ndefu za mawe. Waliokuja kulishuka korongo hilo walitembea ndani ya maji, wakapanda mawe kwa mikono na miguu, wakateleza kwa makalio, na pale kijito kilipoporomoka nao wakashuka kwa kamba. Maporomoko yalikuwa manne. Matatu ya kwanza yalikuwa mafupi, nayo yalishukwa kwa kamba fupi. La nne lilikuwa refu kama jengo la ghorofa kumi, na kwa hilo palikuwa na kamba moja tu, ile ndefu.

Kuosha kamba ilikuwa kazi ya Tone. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine, lakini muuguzi aliyempokea duniani alisema, "Huyu mbona tone tu!" na jina likaganda, hata sasa alipokuwa na miaka kumi na mitatu na miguu mirefu ya kumfanya ajikwae mwenyewe. Masharti ya kuosha aliyajua usingizini: maji safi, sabuni ya kipande, kuanika kivulini. Basi. Hakuna kingine kinachogusa kamba.

Masharti hayo aliyaweka mama yake. Mama ndiye aliyelifungua korongo, miaka kabla Tone hajazaliwa. Alitoboa mwamba kwa mikono yake na kuchimbia pete za chuma ambamo kamba hupitishwa. Baba, ambaye ni fundi cherehani, alimwoa huku akiwa hajawahi kumwona kazini, kwa kuwa baba huyo akipanda stuli kubadilisha balbu, jirani huitwa kumshika miguu.

Miaka mitatu iliyopita mama alipata kazi katika jiji la mbali. Aliosha vioo vya majengo marefu, akining'inia kwa kamba mchana kutwa. Alirudi nyumbani mara moja kwa mwaka, siku sita tu. Alipiga simu kila Jumapili, na Tone akaijua sauti yake ya simuni kuliko kitu kingine chochote. Lakini siku moja, akiwa anafagia ua, alijaribu kukumbuka mama yake anavyotembea, akashindwa. Alisimama na ufagio mkononi, akajaribu tena na tena, lakini wapi. Usiku ule hakumwambia mtu, ila alilala amekumbatia kitenge cha mama kilichokuwa kikitundikwa nyuma ya mlango.

Kulikuwa na ahadi baina yao. Chini ya poromoko la mwisho kuna dimbwi la maji ya kijani lililozungukwa na kuta, lenye mwanya mmoja tu ambao mkondo hukutoa nje kwa nguvu, na huwezi kulifikia isipokuwa kwa kamba. Mama alimsimulia habari zake tangu Tone akiwa mdogo wa kubebwa. Alisema ukielea pale chali unaiona mbingu kama utepe, na mtu akinong'ona upande huu, wa upande ule anamsikia. "Siku moja tutaelea pale wewe na mimi," mama alisema. Likizo yake ya kwanza mvua ilinyesha siku zote sita na kijito kikafurika. Ya pili Tone alianguka na baiskeli wiki moja kabla, mama akamkuta mkono umefungwa plasta. Hii ilikuwa ya tatu. Mama alikuwa afike Alhamisi, na Ijumaa, siku ya kwanza ya likizo ya shule, walikuwa washuke.

Ndiyo maana Jumatano ile Tone aliiangalia kamba ndefu kwa jicho baya. Ilikuwa nyeupe yenye mstari wa buluu siku mama alipoinunua. Sasa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukungu wa kijani wa mawe ulikuwa umeigandia huku na huku. Aliisugua kwa sabuni ya kipande mpaka vidole vikakunjamana. Madoa yakamkodolea macho vilevile.

"Mama akiiona hivi atasema siitunzi," aliwaza.

Nyumbani, chini ya meza ya cherehani, baba aliweka chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Tone alikwenda mara moja na kurudi. Vifuniko viwili tu, alijiambia. Vifuniko viwili katika beseni zima ni nini? Alivimimina, akaikoroga kamba kwa mikono, akangoja muda wa kutosha kumaliza hesabu za ziada alizopewa na mwalimu. Alipoitoa, akaisuuza mara tatu na kuianika kivulini, kamba iling'ara kama imetoka dukani leo.

Mjomba alipokuja kufunga stoo alipiga mluzi. "Haa! Hii ndiyo ile ile? Mtoto ana mikono huyu!"

Tone alicheka. Hakusema chochote kuhusu chupa, na kwa kweli wakati ule hakuona kama kulikuwa na la kusema.

Mama alifika Alhamisi saa kumi jioni, amekonda kidogo, mikono imekuwa migumu. Tone alimng'ang'ania kiunoni kituoni mpaka kondakta akasema, "Binti, mwache mama ashushe mzigo, hatumrudishi leo." Jioni walikula pamoja, wote wanne, mjomba akiwemo, kwenye meza ambayo mwaka mzima ilikuwa na kiti kimoja kitupu. Mama alisimulia habari za kazini. Alisimulia jinsi njiwa walivyojenga kiota kwenye ndoo ya msimamizi, na jinsi mzee mmoja wa ghorofa ya kumi na tano alivyozoea kumpungia mkono kwa kijiko cha uji. Baba alicheka mpaka akapaliwa.

"Ila wiki iliyopita tulipata hasara," mama alisema. "Kamba nzima mpya imetupwa. Mtu aliimwagia dawa ya vioo kidogo tu."

"Kidogo tu?" baba aliuliza. "Si mngeiosha?"

"Haioshwi ikatoka. Dawa kali, iwe ya vioo, ya betri, ya kung'arisha nguo, zote ni adui wa kamba. Zinaila ndani kwa ndani. Nje unaiona nzuri, inapendeza, wala huoni kitu. Halafu siku unapoitegemea, hapo ndipo inapokukatikia."

Kijiko cha Tone kilisimama kati ya sahani na mdomo.

"Tone, vipi? Chakula hakina chumvi?" mama aliuliza.

"Kina, mama," alisema, akameza bila kutafuna.

Angeweza kusema palepale. Lakini alijua kamba mpya ndefu huagizwa kutoka mbali na huchukua miezi miwili kufika, na mama alikuwa na siku sita. Akisema, hakuna poromoko la mwisho, hakuna dimbwi, na hakuna mama katika dimbwi mpaka mwaka mwingine. Alimtazama mama akimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, akaona hawezi. Nimeisuuza mara tatu, alijiambia. Ni vifuniko viwili. Mjomba mwenyewe ameisifu.

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa mdomoni mwa korongo, mama, mjomba na Tone. Baba aliwafunga mikanda mara mbili mbili kwa macho ya kifundi, akavuta kila mshono, kisha akashika njia ya bondeni na chupa ya chai, kwenda kuwangoja pale kijito kinapotokea. "Mimi nitawapokea wenye miguu chini," alisema. "Wenye miguu juu siwajui."

Mama alitangulia ndani ya maji. Hapo ndipo Tone alipoona. Mguu wa kushoto wa mama ulitua kidogo kwa nje, na mabega yalikwenda kwa mtikiso mdogo, kama mtu anayefuata ngoma asiyoisikia mwingine. Ndivyo anavyotembea! Tone alimfuata nyuma huku machozi yakimtoka, akafurahi kwamba uso wake ulikuwa tayari umelowa.

Kuta zilipanda pande zote mbili. Sauti za mji zikakatika, ikabaki sauti ya maji tu. Penye jiwe kubwa mama alipanda kwa magoti na viwiko, kisha akageuka na kunyoosha mkono. "Mguu pale. Hapana, penye ufa. Sasa jisukume nikuvute." Walikuwa wazito, wenye maji viatuni, na walicheka kwa kila kitu.

Kwenye poromoko la kwanza mama alipitisha kamba fupi katika pete zake za zamani. Kabla ya kuitupa chini aligeuka. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu siku za mwanzo. Anayeshuka wa kwanza humwuliza aliyeosha kamba, na aliyeosha hujibu kwa mdomo wake, si kwa kutikisa kichwa. Bila jibu, hashuki mtu.

"Nani ameiosha?"

"Mimi," alisema Tone.

"Unaijua?"

"Naijua."

Ilikuwa kweli. Kamba fupi haikuguswa na kitu ila maji na sabuni. Mama akaegemea nyuma na kushuka, mwepesi kama anashuka ngazi za nyumbani. Ikafika zamu ya Tone. Mjomba alimkagua, akamshika bega. "Kaa. Usisimame, kaa, kama kuna kiti."

Tone alikaa hewani. Nyayo zake zilikanyaga mwamba, maji yakampiga bega la kulia, na chini kabisa uso wa mama ulikuwa umemwelekea, mdogo, umejaa tabasamu. Hakuogopa. Alipofika chini mama alimkumbatia pamoja na maji yake yote. Mjomba alishuka wa mwisho, wakavuta upande mmoja wa kamba nayo ikawaangukia miguuni. Kuanzia hapo hakukuwa na kurudi walikotoka.

Poromoko la pili lilikuwa kama mtelezo. La tatu lilijificha nyuma ya jiwe lililokwama kati ya kuta, ikabidi wapite chini yake kwa tumbo, pua juu ya maji. Tone aliogopa kidogo gizani pale. Kisha mkono wa mama ukaja kutoka upande wa pili, ukapapasa, ukamshika kifundo cha mkono na kumvuta kwenye mwanga. Kila mahali mama aliuliza, "Unaijua?" na kila mahali Tone alijibu, "Naijua." Lakini kila jibu lilizidi kuwa zito, kwa sababu kamba fupi zilikuwa zinakwisha kazi.

Baada ya poromoko la tatu walikaa juu ya jiwe bapa kula mayai ya kuchemsha na mkate. Upande wa kushoto kijia cha mbuzi kilipanda kwa kona kona mpaka juu ya korongo. Ndiyo ilikuwa njia pekee ya kutoka kabla ya mwisho. Mbele yao, hatua ishirini tu, kijito kilifika ukingo wa mwamba na kutoweka.

"Unasikia?" mama alisema. "Hiyo ngurumo ni maji yanaingia dimbwini. Tumebakiza urefu wa kamba moja." Alimega mkate, akampa Tone kipande kikubwa. "Nikwambie kitu? Nikiwa kule juu, jua linachoma vioo, huwa nafumba macho kidogo. Naliona dimbwi hili, na wewe umo ndani yake unaelea. Miaka mitatu nakuona, mwanangu. Leo sitafumba macho."

Tone alitaka kufa. Kutamani kwake kulizidi, kwa sababu sasa alijua hakuwa peke yake aliyetamani.

Waliinuka. Mjomba alifungua mfuko na kuitoa kamba ndefu. Mama aliipitisha viganjani pima kwa pima, akiibinya, kama alivyofanya na kila kamba maishani mwake.

"Nzuri sana," alisema. "Siku hizi mnaiosha kwa kitu gani?"

"Ni mikono ya huyo, dada," mjomba alisema kwa majivuno.

Mama aliipitisha katika pete, akajifunga, akarudi nyuma hadi visigino vyake vikafika ukingoni. Nyuma yake palikuwa na hewa tupu.

"Nani ameiosha?"

"Mimi."

"Unaijua?"

Tone alifungua mdomo. Aliviona visigino vya mama vikiwa vimekanyaga mwisho wa mwamba, na mkono wake mgumu umeshika kamba nyeupe yenye mstari wa buluu, na akaelewa jambo ambalo usiku kucha alilikwepa. Mama ndiye atakayekuwa wa kwanza.

"Sikusikia," mama alisema, akizidisha sauti juu ya ngurumo.

"Siijui," alisema Tone. Kisha akapiga kelele, "Mama, usishuke! Siijui! Niliitia dawa ya baba, ile ya nguo nyeupe! Vifuniko viwili! Nilitaka ing'are!"

Mama alisogea mbele kutoka ukingoni, hatua moja, ya pili, ya tatu. Akajifungua, akaketi juu ya jiwe, akaiweka mikono yake magotini.

Mjomba ndiye aliyelipuka. "Tone! Kesho nina wanafunzi kumi na wawili kwenye kamba hii! Kumi na wawili, wana wa watu! Unajua unachosema?" Alilipiga teke jiwe, likaenda likaanguka poromokoni, na hawakulisikia likifika.

Tone hakuwa amefikiria kesho hata mara moja. Aliinama, akalia.

"Mwache kwanza," mama alisema. Kisha akamgeukia Tone. "Ulijua lini kwamba dawa inaharibu kamba?"

Hilo lilikuwa swali baya kuliko yote. Angeweza kusema, sasa hivi. Angeweza kusema, nimekumbuka njiani.

"Jana," alisema. "Mezani. Ulipotusimulia."

Mama alifumba macho. Tone alitamani agombezwe, apigwe hata kofi.

"Nimekasirika," mama alisema. "Usije ukadhani sijakasirika. Kutia dawa ni kosa la mtu anayependa, nimekusamehe kabla hujamaliza kusema. Lakini umelala na jambo hili, umeamka nalo, umenifuata nalo maporomoko matatu."

"Niliogopa hatutafika dimbwini," Tone alisema kwa kwikwi. "Nimekukosa sana, mama. Mwaka mzima nakukosa. Nilisahau hata unavyotembea."

Mama alimtazama. Uso wake ulibadilika, akamvuta, akamkalisha kando yake juu ya jiwe lenye maji. Walikaa wameshikana, hatua ishirini kutoka dimbwini, wakiisikia ngurumo yake bila kuliona. Mama naye alilia, bila kujificha. Mjomba aligeukia ukutani, akajifanya anakagua pete.

Walitokea kwenye kijia cha mbuzi, wakipanda kwa mikono na miguu kwenye changarawe mpaka juu ya korongo, kisha wakateremka bondeni. Baba, bondeni, aliwaona wakija kutoka upande ambao hakuutazamia. Alianza mzaha, "Mmechoka kuning'inia?" kisha akaziona nyuso zao, akamimina chai.

Jioni hiyo mjomba aliwapigia simu walimu wa wale wanafunzi, akawaeleza kwamba wataishia poromoko la tatu na kutokea kijiani. Mama aliileta kamba uani pamoja na mkasi mkubwa wa baba.

"Ikate," alimwambia Tone. "Vipande vifupi vya mkono mmoja, asije mtu akashawishika kuitumia."

"Mama, labda ilikuwa bado nzima," Tone alisema. "Labda ingetubeba."

"Labda. Na labda isingetubeba. Mimi sitaki mtoto wangu aning'inie kwenye labda."

Tone aliikata. Ilikuwa ngumu, na mkasi ulimtoa malengelenge, na kila kipande kilichoanguka kilimuuma, kwani alijua anakata nini. Mjomba alisimama mlangoni na kutoa hukumu yake kwamba kuanzia leo kamba ataziosha mwenyewe.

"Hapana," mama alisema bila kuinua macho. "Kamba mpya ikifika ataiosha Tone. Niambie, wewe unamjua mwingine aliyesema kweli mahali ambapo kweli ina gharama kama pale?"

Mjomba alikuna kichwa, akatazama vipande, akaguna. "Basi ile chupa ikae kwangu," alisema. Hapo ndipo walipocheka kwa mara ya kwanza.

Siku zilizobaki zilikwenda upesi. Walifua pamoja, walipika pamoja, walitembea hadi ukingo wa mlima na kurudi. Hakuna aliyelitaja dimbwi. Jumanne asubuhi walikuwa tena kituoni, na mzigo wa mama ulikuwa tayari kwenye buti la basi.

Mama alimshika Tone mabega yote mawili. "Sikiliza, nikwambie jambo nililoliwaza siku zote hizi. Kule kazini, nikifika asubuhi nakuta kamba yangu imeshaoshwa na kukunjwa. Aliyeiosha simjui. Anaosha jioni nikishaondoka, sijawahi hata kuuona uso wake. Lakini mimi mchana kutwa maisha yangu yako mkononi mwake. Akikosea, ni binadamu, watu hukosea. Akikosea halafu akanyamaza kwa sababu anaogopa kugombezwa, au kwa sababu kuna kitu anakitaka sana, basi mimi sirudi kwenu. Umenielewa? Mtu akikuamini kwa kitu ambacho hawezi kukiona mwenyewe, ukweli wako ndio macho yake. Useme hata kama unakukosesha kitu ulichokililia mwaka mzima. Tena useme mapema, usingoje mpaka ukingoni."

"Nitasema, mama."

"Najua. Ulishasema."

Kondakta alipiga ubavu wa basi. Mama alipanda, akakaa dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo, na basi likaondoka. Tone alilia waziwazi, baba akamkumbatia kwa mkono mmoja, wakarudi nyumbani polepole kwa miguu.

Mwaka mzima ulikuwa mbele yao, na hamu ya kumwona mama haikupungua hata kidogo. Lakini tangu siku ile, kila Tone alipomwaza mama yake akining'inia kwenye vioo, alimwaza pia mtu yule asiyejulikana, ameinamia beseni jioni, kamba ya mama mikononi. Hakujua kama ni mwanamke au mwanamume, kijana au mzee. Alimwombea kwa moyo wake wote kwamba siku akikosea, asinyamaze.